Alamu Ikilia Alfajiri: Ushauri wa Kuchagua Betri za Vihisi kwa Wakazi wa Ufipa

Kama umefunga alamu isiyo na nyaya nyumbani au dukani kwako Sumbawanga, huenda umeshaisikia ikitoa mlio mfupi mfupi saa kumi za alfajiri, mwezi wa Juni au Julai, halafu ifikapo saa nne asubuhi imenyamaza kabisa. Wengi husema ni baridi tu, wakarudi kwenye shughuli zao. Ni kweli baridi imehusika, lakini haikuanzisha tatizo. Imefichua betri iliyokaribia kuisha, na siku ya kwenda kununua nyingine ni hiyo hiyo.

Kihisi cha mlangoni, ambacho mafundi wengi hukiita sensa, kina vipande viwili: sumaku inayobandikwa kwenye mlango, na kijisanduku cha fremu chenye swichi, saketi na kirusha mawimbi. Muda karibu wote kijisanduku hicho kimelala, kikitumia maikroampia chache. Mlango ukifunguka, kirusha mawimbi huamka na kuvuta miliampia 15 au 20 kwa muda usiofika hata sekunde moja, yaani maelfu ya mara ya kile kilichokuwa kikitumika usingizini. Betri nzima huutoa umeme huo bila tabu. Betri iliyochoka ina ukinzani mkubwa ndani yake, na baridi huuongeza, kwa sababu kemia ya betri hufanya kazi polepole inapopoa. Volti huporomoka ghafla wakati wa kurusha, kihisi kinaona betri imeisha, kinatoa taarifa. Jua likipanda na kuta zikipata joto, volti hurudi juu na taarifa inafutika. Betri haijapona.

Hapa niondoe hofu moja. Sumbawanga iko kwenye mwinuko wa mita 1,800 hivi, na usiku wa kipupwe joto hushuka hadi nyuzi 10 au chini yake kidogo. Hiyo ni baridi ya kutafuta blanketi la pili, lakini kwa betri ni hali ya kawaida. Betri nzuri ya alkalaini hufanya kazi hata kwenye nyuzi sifuri, ingawa kwa nguvu pungufu. Kwa hiyo muuzaji akikwambia kwamba baridi ya Ufipa inadai betri ya pekee ya bei mbaya, mwache aendelee na hadithi yake.

Kinachotuponza zaidi ni mazoea tuliyoyapata kwa redio. Nchi hii imelelewa na mawe ya zinki-kaboni: National zilizotengenezwa Dar es Salaam katika kiwanda cha Matsushita, Eveready zilizotoka Nakuru hadi kiwanda kile kilipofungwa mwaka 2014, na siku hizi Tiger kutoka China, zilizojaa hadi kwenye maduka ya vijijini. Kwa mawe hayo tulijifunza mbinu zetu. Tuliyaanika juani yakaongeza siku mbili tatu. Tulichanganya mapya na makuukuu. Yakiisha kabisa, unga wake mweusi ulipelekwa shuleni kupaka ubao. Mbinu hizo ziliwezekana kwa sababu redio huaga taratibu: sauti hufifia, unaisogeza sikioni, na unajua kabisa kwamba mshahara ukitoka lazima upitie dukani. Kihisi hakifanyi hivyo. Taa yake ndogo yaweza kuwaka vizuri ukikijaribu mchana, na usiku wa manane kikashindwa kurusha mawimbi hadi kwenye kisanduku kikuu cha alamu, nawe usijue mpaka ukute kufuli limekatwa.

Ndiyo sababu ushauri wangu wa kwanza ni mfupi: usiweke zinki-kaboni kwenye kihisi cha ulinzi, hata kama ndiyo pekee iliyopo dukani siku hiyo. Tatizo lake si uwezo mdogo tu. Katika betri hiyo ganda la nje, lile la zinki, ndilo linaloliwa na kemia ili umeme utoke. Kadiri inavyotumika ndivyo ganda linavyokonda, mwisho linatoboka na maji yake yanamwagika kwenye vyuma vya kihisi. Kwenye rimoti ya televisheni unayoishika kila siku utaona mapema. Kwenye kihisi kilichobandikwa juu ya mlango na kusahauliwa, utaona vyuma vimeshaliwa. Na usidanganywe na maneno "Heavy Duty" yaliyochapwa kwenye ganda. Hayo huandikwa kwenye hizo hizo za jamii ya zinki.

Utazitambuaje? Soma herufi ndogo zilizo karibu na alama ya kujumlisha. R6 au R03 bila herufi nyingine mbele ni zinki-kaboni. LR6 ni alkalaini ya ukubwa wa AA, ile tunayoiita betri ya saa ya ukutani, na LR03 ni alkalaini ya AAA, ya rimoti. FR6 ni lithiamu ya volti 1.5. HR6 ni ya kuchaji. Kwa vidonge vile vya duara, herufi CR maana yake ni lithiamu ya volti 3, na tarakimu zinazofuata ni vipimo: CR2032 ina kipenyo cha milimita 20 na unene wa milimita 3.2, CR2450 ni milimita 24.5 kwa 5. Ukizijua alama hizi, hutahitaji kumwamini mtu kwa maneno matupu. Ila kabla ya kwenda dukani fungua kihisi kwanza, usome kilichoandikwa kwenye betri iliyomo au ndani ya kifuniko. Kununua kwa kukisia, "ile nyembamba ya mviringo", ndiko kunakowarudisha watu dukani.

Kihisi kinachotumia AA au AAA ndicho rahisi kukihudumia mkoani Rukwa, na kama bado hujanunua alamu, mimi ningechagua cha aina hiyo. AA ya alkalaini ina uwezo wa miliampia-saa 2,000 na zaidi kwa matumizi madogo kama haya, AAA kama 1,000, ilhali kidonge cha CR2032 kina 220 hivi tu. Kwa hesabu ya karatasini, kihisi kinachotumia maikroampia tano kikiwa usingizini kingekaa miaka mitano kwa CR2032. Hesabu hiyo haihesabu kila mara mlango unapofunguliwa, wala ishara ambazo kihisi chenyewe hutuma kuthibitisha kiko hai. Duka linalofunguliwa asubuhi likafungwa jioni, huku mlango wa stoo ukipigwa mara mia kwa siku, halifiki huko.

Angalia pia namna kihisi kinavyozungumza na mtambo. Vile vinavyotumia masafa ya megahezi 433, au mfumo wa Zigbee, hurusha kidogo na kulala. Vile vinavyojiunga moja kwa moja na Wi-Fi ya nyumbani vinavutia kwa sababu havihitaji kisanduku kikuu, lakini kila vikiamka hutafuta mtandao kwanza na kuvuta mamia ya miliampia. Hivyo hula AAA kwa kasi, na intaneti ikikatika havina pa kupeleka taarifa. Kwa mji wenye kukatika umeme, sivipendi.

Sasa zile seti za bei nafuu zinazotoka Kariakoo au kupitia Tunduma, zenye kisanduku cha laini ya simu, vihisi viwili vya mlango, kimoja cha mwendo na rimoti mbili. Humo mara nyingi utakuta betri fupi nene ya volti 12 iitwayo 23A au A23, na vihisi vya mwendo vya zamani hutumia ile ya mstatili ya volti 9. Hiyo ya volti 12 ndani yake ina vidonge vinane vilivyopangwa kwa safu, kila kimoja kidogo sana, ndiyo maana uwezo wake wote hauzidi miliampia-saa 60 hivi. Betri zinazokuja ndani ya seti zimekaa ghalani na melini muda usiojulikana. Zitumie kujaribia mtambo, kisha zibadilishe. Ya volti 9 nayo ina sura mbili: 6F22 ni zinki-kaboni, 6LR61 ni alkalaini. Sura ni moja, bei zinapishana, na tofauti ya maisha ni kubwa kuliko tofauti ya bei.

Kuna kosa moja linaloua kihisi siku hiyo hiyo, na mtu hulifanya akidhani amepata bahati. Betri za tochi za Kichina ziitwazo 14500 zina ukubwa sawa na AA, lakini zikijaa chaji zina volti 4.2 badala ya 1.5. Zile za 16340 zinafanana na CR123A ya volti 3, nazo zikijaa hufika 4.2. Kihisi cha mwendo kinachotumia CR123A mbili kinategemea volti 6, ukikipa 8.4 unaweza kuunguza saketi. Ipo pia ER14505 ya volti 3.6, betri nzuri sana mahali pake, na mahali pake si kwenye kijumba cha AA. Betri ikiingia vizuri kwenye kijumba haijathibitisha kwamba inafaa. Soma volti.

Watu wa kubana matumizi huniuliza kuhusu betri za kuchaji. Nazipenda kwa tochi na kwa vitu vya watoto vya kuchezea. Kwa vihisi, hapana. Zina volti 1.2, kwa hiyo mbili zinatoa 2.4 pale mtambo unapotegemea 3, na vihisi vingi vitaanza kulalamika betri ni dhaifu siku ya kwanza. Halafu za kawaida hujipunguza zenyewe zikiwa zimekaa. Ziko zinazotunza chaji kwa mwaka na zaidi, ila bado tatizo la volti liko pale pale. Kama kitabu cha kihisi kimeziruhusu kwa maandishi, sina pingamizi.

Lithiamu ya FR6 ni habari nyingine. Haivuji kirahisi, ni nyepesi, huvumilia baridi ya chini ya sifuri na joto la nyuzi 60, na watengenezaji huipa miaka 20 ya kukaa bila kutumiwa. Bei yake ni mara kadhaa ya alkalaini. Nani aitumie? Mwenye kihisi kilichofungwa mahali pa kupanda kwa ngazi, au kwenye ghala la mahindi lililo shambani, au anayeishi kule chini. Nasema kule chini kwa sababu mkoa huu una hali ya hewa mbili. Ukishuka bondeni kwa Ziwa Rukwa, kwenda Muze, Mtowisa au Ilemba, au upande wa Tanganyika, Kasanga na Kirando, umeshuka karibu mita 1,000 na joto limepanda. Kanuni ya jumla ya kemia ni kwamba joto likiongezeka kwa nyuzi 10, kuharibika kwa betri iliyokaa huenda mara mbili. Kihisi kilichobandikwa chini ya bati lisilo na dari, dukani Kirando, kinapikwa kila mchana. Mwenye duka huyo atapata faida zaidi kwa kukishusha kihisi nusu mita kutoka kwenye bati kuliko kwa kuhama kutoka alkalaini ya kampuni moja kwenda nyingine. Lakini lithiamu ina tabia moja ya kuijua: volti yake hukaa palepale karibu hadi mwisho, kisha huanguka. Programu ya simu itakuonyesha asilimia 100 kwa miezi, halafu ghafla hakuna kitu. Ukitumia lithiamu, fuata kalenda, usifuate asilimia.

Dukani, angalia mambo matatu. La kwanza ni tarehe ya mwisho, mwezi na mwaka, ambayo kwa alkalaini nzuri huwa miaka kadhaa mbele. La pili ni uzito, na hili linawashangaza wengi: AA ya alkalaini ina gramu 23 hivi, ya zinki-kaboni huwa chini ya 20. Omba mizani ndogo ya duka, weka kumi. Zikija karibu gramu 230, ganda na maneno vinakubaliana. Zikija 170 na zimeandikwa alkalaini, ziache. (Lithiamu ni nyepesi, gramu 15 hivi, kipimo hiki hakiihusu.) La tatu ni mita ya fundi: alkalaini mpya isome 1.55 au zaidi, CR2032 mpya isome 3.0 au zaidi. Ile 1.4 kwenye pakiti isiyofunguliwa imeshakaa sana. Kwa betri bandia zenye nembo za kuigiza, wa kupelekewa taarifa ni Tume ya Ushindani, FCC, na kwa bidhaa zisizofikia ubora ni TBS. Tunza risiti na pakiti.

Lipo pia jaribio la kudondosha betri mezani. AA ya alkalaini mpya hutua kwa kishindo kizito, iliyotumika hurukaruka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton walilichunguza na kuchapisha matokeo yao mwaka 2015: kuruka kunatokana na zinki ya ndani kugeuka oksidi, na hufikia kilele chake betri ikiwa bado na karibu nusu ya chaji. Maana yake, jaribio hili linakuambia kama betri imewahi kutumika. Haliwezi kukuambia imebaki kiasi gani.

Badilisha lini? Hapa Ufipa nachagua mwezi wa Mei. Mvua zilizoanza Novemba zimekwisha, na baridi bado haijakaza. Kwa vihisi vya AA na AAA, miaka miwili inatosha hata kama haijalalamika, maana alkalaini iliyokaa mno huvuja. Kwa vidonge na zile za volti 12 badilisha kila mwaka, na milango inayofunguliwa sana isizidi huo. Badilisha zote za kihisi kimoja kwa pamoja, za aina moja na tarehe moja. Bandika utepe wenye mwezi na mwaka ndani ya kifuniko. Kila mlio wa alfajiri ukitokea kabla ya hapo, uhesabu kama notisi, badilisha siku hiyo hiyo.

Upepo nao hula betri, jambo ambalo wauzaji wa Dar es Salaam hawalifikirii. Upepo wa kiangazi kwenye uwanda huu hutikisa mlango uliolegea usiku kucha. Sumaku inasogea na kurudi, na kihisi kinarusha taarifa kila mara. Masika nayo, mbao ambazo hazikukaushwa vizuri huvimba na kuisogeza sumaku. Kaza bawaba na kitasa kwanza, na hakikisha pengo kati ya sumaku na kijisanduku halizidi sentimeta moja. Kwenye mlango wa chuma weka kipande cha mbao au plastiki chini ya vyote viwili, kwa kuwa chuma huidhoofisha sumaku na huzuia mawimbi. Kihisi cha mwendo kisielekezwe mahali wateja wanapopita kutwa. Kama kina kiruka (jumper) cha kuchagua muda wa kulala, chagua muda mrefu ukishamaliza kukijaribu.

Kisanduku kikuu kina betri yake ya akiba, na kwa mji ambao kwa miaka mingi uliishi kwa umeme wa kutoka Zambia na jenereta za dizeli, sina haja ya kueleza kwa nini. Mara moja kwa mwezi chomoa plagi kwa saa mbili uone kama mtambo unaendelea kuishi. Na laini iliyomo ndani iwe na salio, kwa sababu ujumbe wa betri dhaifu hautumwi bure.

Betri ikishavuja, usikwangue kwa kisu. Uchafu mweupe wa alkalaini ni besi, kwa hiyo ufute kwa kitambaa chenye limau au siki kidogo. Wa zinki-kaboni una asidi, huo unataka magadi ya kuokea. Futa tena kwa kitambaa chenye maji kidogo, kausha kabisa, kisha weka mpya.

Na vidonge vya CR viwekwe mbali na watoto, vipya na vilivyokwisha. Kidonge kikikwama kooni kinaweza kuunguza umio ndani ya saa mbili, hata kile kisichoweza tena kuendesha kihisi. Mtoto akimeza, usimtapishe; mpeleke hospitali yenye eksirei mara moja. Kama amepita mwaka mmoja na hazijapita saa 12, mpe asali vijiko viwili vya chai kila baada ya dakika 10 mkiwa njiani, isizidi mara sita. Aliye chini ya mwaka asipewe asali. Asali haitibu, na isiwacheleweshe kuondoka.

Mwisho niwaombe wenye maduka ya vifaa vya umeme Sumbawanga, Laela, Matai na Namanyere. Mteja wenu akikosa CR2450 au CR123A, itabidi aagize Mbeya au Dar es Salaam, na mlango wake utakaa bila ulinzi kwa siku hizo zote. Leteni chache chache, zenye tarehe ya mbali. Msizipange kwenye kioo cha dirisha kinachopigwa na jua la mchana, na mteja akiomba mizani au mita, mpeni apime.